Rangi Mbili Kwenye Maji ya Kivumbasi

Kanisia, mama,

Hujambo siulizi, maana nakusikia ukikohoa chumba cha pili. Baridi ya Songea mwezi huu haina adabu, na wewe umeoga jioni na maji ya bombani kwa ubishi wako. Ungeniona sasa hivi ungecheka. Fundi seremala mzima, miwani imefungwa uzi, anaramba kalamu, anamwandikia barua mtu aliye ukuta mmoja naye.

Sitakuambia ufunge begi vizuri, wala usinunue chakula cha dirishani Makambako, wala usali kabla ya kulala. Shangazi yako ameyasema hayo yote kwa simu tangu Jumapili, na kesho kabla hujapanda gari atayarudia tena, unamjua. Mimi nina neno moja tu, na nimelizunguka jioni nzima. Nimekwenda kuangalia banda. Nimenoa randa ambayo haikuwa butu. Nimefagia karakana, mimi, ambaye wewe husema natembea na maranda mpaka kanisani.

Neno lenyewe ni hili. Dawa yako ya kivumbasi, sijui kama inafanya kazi. Na wewe hujui. Unadhani unajua kwa sababu uliwaona kuku wa banda la pili wakiinua vichwa. Waliinua vichwa kwa sababu mimi niliwatilia rangi mbili kwenye maji yao.

Nimeandika. Sitalifuta.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikianza kuruka nitapata mahali pa kujificha. Ulipokuja likizo kutoka chuoni na mpango wako wa kupima kivumbasi, nilikupa kuku wangu wote bila kubisha. Homa ya matumbo ya kuku ilikuwa imeshaingia mtaa wetu wa Bombambili, kuku wa majirani wanazubaa, wanaharisha kijani, wanakufa, na tulijua kwetu itafika. Ukawagawa katika mabanda matatu. Banda la kwanza wanywe maji matupu. La pili wanywe maji ya kivumbasi, ulichokichemsha na kukichuja mwenyewe mpaka nyumba nzima ikanuka kama tunafukuza mbu. La tatu wapewe dawa ya unga ya duka la mifugo. Nikakuuliza, "Sasa hawa wa maji matupu wamekosa nini?" Ukanijibu, "Baba, bila hao hatutajua chochote."

Nilikuelewa. Nisije nikasema sikuelewa. Ulinieleza pale kwenye benchi langu la kazi kwamba ninyi hamtafuti mti, mnatafuta kile kilichomo ndani ya mti. Jani moja lina vitu vingi, ukasema, kimoja kinaua vijidudu, kingine hakina kazi, kingine kinaweza kumharibu kuku maini. Ndiyo maana hata yale majani ya mwarobaini niliyokuagizia kutoka Nakapanya, kwa sababu huku kwetu kwenye baridi mwarobaini hauna raha, uliyaweka pembeni. Ulisema hujui bado kipimo chake. Nilinuna siku ile! Nilikuwa nimembembeleza dereva wa lori kama ninamchumbia. Lakini ulikataa kubahatisha, na mimi nikarudi kwenye mbao zangu nikinung'unika.

Ugonjwa ukaja. Wa banda la kwanza wakaanguka mapema, na kila alfajiri ulikuwa unawatoa kwa mikono yako na kuwazika nyuma ya choo, huku unajifanya una mafua. Kisha, wakati wale wa dawa ya unga wamesimama, kuku wa banda la pili nao wakaanza kushusha mbawa. Si wengi, lakini wakaanza. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umeuma kidole gumba, unawaangalia. Mama yako alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kuuma kidole gumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na glasi yako ya chai mkononi, nikaingiwa na uchungu ambao hauna akili ndani yake.

Nikaenda duka la dawa za watu. Rangi mbili unazijua, vile vidonge vya kuua vijidudu, vya rangi nyekundu na njano, ambavyo mtu wa hapa anameza kwa kila kitu, tumbo, jino, kidonda, mpaka huzuni. Hawakuniuliza cheti wala mgonjwa ni nani. Alfajiri kabla hujaamka nikavifungua, nikamwaga unga wake kwenye maji ya kivumbasi. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, yakaficha kila kitu. Nikakoroga kwa kijiti. Kesho yake tena. Nikaendelea hivyo mpaka kuku wakaanza kugombania pumba.

Ulikuja karakana unakimbia, kandambili moja mguuni. "Baba! Baba, wanakula!" Ukanikumbatia na randa yangu mkononi. Mama, furaha ile sikuwa nimeiona usoni kwako tangu mama yako atutoke. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikasema, "Hongera, mwanangu." Nikaendelea kuranda ubao ambao ulikuwa umeshanyooka.

Utaniuliza, ulikuwa unawahurumia kuku? Hapana. Kuku nimewachinja maisha yangu yote. Nilitaka dawa yako ishinde. Nilitaka wewe ushinde, basi. Ujinga wangu ni huo, sina mwingine wa kuupamba.

Na ningekuwa baba mwingine, labda ningesema ni upumbavu wa mapenzi, tucheke yaishe. Lakini ni mimi, Kanisia. Kati ya watu wote wa Songea, ni mimi na rangi mbili.

Ulikuwa mdogo wakati ule, kuna mengine hukuyaona. Nilianza kufuga pale useremala ulipopoa, watu walipopenda makochi yanayokuja kwa malori yamefungwa nailoni. Kuku wa mayai. Hakuna aliyenifundisha kuwapa rangi mbili, mtaa mzima ulikuwa unafanya. Kuku akipiga chafya, rangi mbili. Asipopiga chafya, rangi mbili ya kinga. Na mayai tunaokota siku hiyo hiyo, tunakula, tunauza. Mama yako aliniuliza mara moja kama hatupaswi kungoja dawa iishe mwilini mwa kuku. Nikamwambia, "Inaisha tu." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeiona ikitoka. Wenzangu walikuja kuniuliza siri ya banda langu, nami nikawaeleza, tena kwa maringo.

Mama yako alipojifungua kwa upasuaji, na mtoto akatuaga siku ile ile, mimi nilifanya kile mwanamume wa kwetu anachofanya. Nilichinja. Mzazi anywe supu, damu irudi, mwili upate joto. Kila siku kuku, kutoka banda lile. Nilimchinja hata yule niliyempa rangi mbili asubuhi yake. Nilimchinja kwanza huyo, kwa sababu alionekana atakufa, na mtu haachi kuku afe bure. Supu nikaipeleka wodini kwa chupa ya chai, kifua mbele, wagonjwa wengine wakimwangalia mama yako kwa wivu. Alikuwa anainywa kwa shida ili nisiudhike.

Kidonda kikachacha. Wakabadilisha dawa, kikazidi. Wakabadilisha tena. Daktari mmoja kijana, mpole, aliniita pembeni kwenye korido akaniambia, "Mzee wangu, vijidudu hivi vimezizoea dawa tulizonazo."

Nikamuuliza, "Vimezizoea wapi?"

"Popote, mzee. Kwa watu wanaomeza vidonge viwili wakaacha. Kwenye mifugo. Hata humu humu hospitalini."

Aliposema kwenye mifugo hakunikazia macho, hakujua mimi nafanya nini. Lakini mimi nilisikia hilo moja tu. Hata sasa nikikumbuka korido ile, nasikia hilo moja tu.

Umeniambia mara nyingi kwamba haiwezekani kujua. Umeniambia supu ilichemka, na vijidudu hufa kwenye moto, na huenda vilitoka kwenye kitanda au mkono wa mtu. Kisha kwa sababu wewe si mwongo, ukaongeza kwamba mikono yangu mimi ndiyo iliyoshika kuku, ikashika na shuka la mama yako. Ulisema polepole, ukainamisha uso. Ahsante kwa kutonidanganya. Sijui kama nilimuua mke wangu. Nitakufa sijui. Hilo nimelizoea kama mtu anavyozoea goti bovu, analikumbuka kila akipanda ngazi.

Lakini wewe hujawahi kunilaumu, na kuna siku nilitamani sana unifokee. Univunjie hata sahani moja. Badala yake ukaenda kusomea mifugo. Watoto wa wenzangu wanataka benki, wanataka ofisi yenye feni, wewe unataka kuchungulia matumbo ya kuku na kutafuta majani yatakayofanya watu waache rangi mbili. Nilielewa. Ile ndiyo ilikuwa lawama yako, na ilikuwa nzuri kuliko niliyostahili.

Sasa nipime hapo. Dawa ile ile nimeirudisha nyumbani kwa mkono wangu, nikaitia katika kazi uliyoianza kwa sababu ya kaburi la mama yako. Nimepiga vanishi juu ya ubao uliotobolewa na wadudu, halafu nikakuachia wewe uupeleke kwa mteja.

Pengine ningenyamaza mpaka leo, nisikudanganye. Nilishaanza kujiambia kwamba kosa limeshapita, kuku wamepona, nani ameumia? Jana jirani yetu Mama Fidelis akaja.

Ulimwonya asubiri, nilikusikia kwa masikio yangu. "Mama, bado tunajaribu, endelea na dawa ya dukani." Lakini alikuwa ameona kuku wetu, na macho ya mtu huwa yanashinda masikio yake. Akachuma kivumbasi cha uani kwake, akachemsha, akawapa wake badala ya dawa. Jana ulipokuwa mjini kukata tiketi alisimama pale mlangoni na beseni kichwani. Akalitua. Ndani wamelala kuku wake, wamekufa, wale vitetea weusi aliokuwa anawatunza ili auze mayai, apumzike kukaanga vitumbua na moshi wake.

"Baba Kanisia, mimi nimekosea wapi? Nimechemsha kama mtoto alivyochemsha."

Nikamwambia, "Labda umechemsha mno, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru! Amenishukuru, Kanisia, akajitwika beseni lake, akarudi kwake akijilaumu. Na mimi nikabaki nimeshika patasi.

Leo jioni niliposhindwa kula ulidhani ni huzuni ya safari, ukaniongezea mlenda. Nikakuaga kwamba naenda kununua vocha. Nilikwenda kwake. Nikamweleza yote nimesimama, kofia mkononi, na yeye anaosha mchele wake wa kesho. Alimwaga maji ya mchele, akatia mengine. Kisha akasema, "Kuku wamekwenda, basi. Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo, usije ukadhani imeisha kwa kuwa umekuja. Lakini mtoto anajua?"

"Atajua."

"Lini? Akishasimama mbele ya watu?"

Akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga tu, na nilitamani angeubamiza.

Swali lake ndilo lililonikalisha hapa. Mwalimu wako amekuita Morogoro uwaeleze walimu wenzake na wafugaji ulichokiona, na amesema kuna nafasi ya kuendelea na kazi hiyo maabara, mjue ni kitu gani hasa kwenye kivumbasi kinachoua vijidudu. Nafasi hiyo imetoka kwenye banda la pili. Ukisema ukweli huenda ukaipoteza. Nimegeuza jambo hili kila upande, nikitafuta upande wenye nafuu, sijauona. Ukinyamaza, kuna mtu huko Namtumbo au Tunduru ataacha dawa sahihi na kumwaga majani kwenye chombo kwa sababu binti msomi amesema, naye atabeba beseni kama la Mama Fidelis. Ukisema, unaweza kurudishwa nyumbani kwa kosa la baba yako. Pole, mama. Pole ni neno dogo, lakini sina lingine la kuliweka hapo.

Na kuna kitu kinachoniuma zaidi ya hayo. Huenda dawa yako ilikuwa inafanya kazi. Kuku wa banda la pili walichelewa kuugua kuliko wale wa maji matupu. Uliliona, nami nililiona. Labda wangeinuka wenyewe pole pole. Labda wangepona nusu, na nusu ingekuwa kitu, ungeanzia hapo. Kuku wa Mama Fidelis hawatuambii lolote, walikuwa wameshaugua na alipima kwa kiganja. Jibu lilikuwa linakuja, lilikuwa mlangoni, mimi nikalifungia nje na kukuletea lingine nililolichonga mwenyewe. Nilikuibia jibu, hata kama lingekuwa jibu baya. Homa ikishapita banda haliwezi kurudishwa lilipokuwa.

Sasa unataka nikuambie nimejifunza nini, maana barua za wazazi huwa na hilo. Sijui kama nimejifunza; mtu aliyejifunza harudii. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nimejifahamu. Huruma yangu ina haraka. Nikimwona nimpendaye anateseka, mkono unatangulia na akili inakuja nyuma ikichechemea. Ndivyo nilivyochinja kuku wale. Ndivyo nilivyokoroga maji yale. Watu husema haraka haraka haina baraka wakidhani wanamsema dereva wa bodaboda.

Na wewe unayo haraka hiyo, umeirithi kwangu. Niliiona siku ile umesimama banda la kwanza na pakiti ya dawa ya unga mkononi, yule jogoo mwekundu amelala miguuni pako anahema. Uliinama mpaka kwenye chombo cha maji. Kisha ukaurudisha mkono, ukakaa chini, ukalia. Nilidhani wakati ule una roho ngumu. Ule mkono uliorudi ndio ninaokuombea uende nao, hata huko maabara, hata utakapokuwa na watoto wako na mmoja akaugua, na jirani akakuletea vidonge kwenye karatasi.

Mwambie mwalimu kabla hujamwonyesha hesabu zako. Usiseme kulitokea kasoro. Sema baba yangu alitia dawa. Taja jina langu lote, na la ukoo. Akitaka kusikia kwangu anipigie, nitamweleza nilitia nini na niliiacha lini, nisimfiche hata kijiti nilichokorogea. Akikukasirikia wewe, mwambie anipigie haraka zaidi.

Usinisamehe kwa ajili ya safari. Najua ungefanya hivyo, ungesema "yameisha, baba" ili niweze kukusindikiza stendi kwa amani. Usifanye. Kasirika kwanza. Una haki ya hasira mbili, hii na ile ya zamani ambayo hukuwahi kuitoa, na mimi nina mabega, fundi huwa nayo.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii kwenye begi, chini ya karanga, uikute ukifungua kula mahali fulani mbele ya Njombe. Nimeikunja, nimeikunjua. Ungeisoma umebanwa dirishani, unalia katikati ya watu wasiokujua, na mimi hapa natia gundi miguu ya meza, nikisema moyoni kwamba nimeshatubu. Huko nako ni kukimbia. Nimekimbia vya kutosha.

Kwa hiyo barua haisafiri. Navuka sebule sasa hivi kuja kukugongea, nikusomee mwenyewe, kwa mdomo wangu, na gari bado lina saa kadhaa. Mara ya mwisho niliyokugongea usiku ilikuwa ile ya mama yako, na najua utashtuka. Usiniulize nani amefariki. Hakuna aliyefariki, mama. Ni baba yako tu. Fungua.